Kampuni Kubwa Inapolipa Badala ya Kuhukumiwa

Kila tunapokwenda kutoa elimu ya sheria, iwe Wete au Makunduchi, swali hili haliachi kuulizwa: kwa nini kijana aliyekamatwa na pishi mbili za karafuu za wizi analala rumande, na kampuni kubwa ikituhumiwa kwa rushwa inalipa pesa na kuendelea na biashara? Ni swali la haki. Nalijibu kwa kesi inayotuhusu wenyewe.

Uingereza ilianza kutumia makubaliano ya kuahirisha mashtaka, yaani kampuni inashtakiwa lakini shtaka linawekwa kando ikitimiza masharti, Februari 2014, Marekani ilikwishatangulia. Kampuni ya kwanza kuingia humo, Novemba 2015, ilikuwa Standard Bank ya London, na jambo lenyewe lilikuwa mkopo wa Tanzania. Serikali ya Muungano ilikuwa ikitafuta dola milioni 600 kwa wawekezaji wa nje. Ada ya kuuratibu mkopo huo ilitajwa kwanza kuwa asilimia 1.4, kisha ikapanda mpaka 2.4. Asilimia moja iliyozidi ni dola milioni 6, nazo zilikwenda kwa kampuni ndogo ya Dar es Salaam ambayo haikuonekana kufanya kazi yoyote ya maana, na miongoni mwa wenye hisa zake alikuwamo ofisa wa serikali. Pesa zilipoanza kutolewa taslimu kwa mafungu makubwa, waliotilia shaka wakasema ni wafanyakazi wa Stanbic, benki dada ya hiyo ya London, papa hapa Tanzania. Naomba hilo lisisahaulike.

Shtaka likaandikwa: kushindwa kuzuia rushwa. Kisha likawekwa kando kwa miaka mitatu, kwa masharti. Benki ililipa faini ya dola milioni 16.8, ikarejesha faida ya milioni 8.4, na ikailipa serikali ya Tanzania milioni 6 pamoja na riba, kiasi cha milioni 7 kwa jumla. Jaji Brian Leveson aliyapima makubaliano hayo na kutoa sababu zake mahakamani, hadharani. Benki ingekiuka, shtaka lingefufuliwa. Ilitimiza, na mwaka 2018 shauri likafungwa.

Tusichanganye na makubaliano ya kukiri kosa yaliyoingizwa katika sheria za Tanzania Bara mwaka 2019. Katika hayo ya Bara mshtakiwa anakiri na anatiwa hatiani. Katika haya ya kuahirisha mashtaka hakuna hukumu ya hatia.

Kwa nini kampuni zinapewa nafasi hiyo? Kampuni haifungwi jela, na kuiangusha kunawaangukia wasiohusika. Mwaka 2002 kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Arthur Andersen ilitiwa hatiani Marekani, ikasambaratika, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile, lakini kampuni ilikuwa imekwisha. Hoja hiyo naikubali.

Ninaposhindwa kuutetea mfumo huu ni kwa watu binafsi. Rolls-Royce, watengenezaji wa injini za ndege, iliingia makubaliano ya namna hiyo mwaka 2017 na kutozwa Uingereza pauni milioni 497 kwa rushwa katika nchi kadhaa. Mwaka 2019 uchunguzi wa watu binafsi huko Uingereza ukafungwa bila ya hata mmoja kushtakiwa humo. Rushwa ile haikujitoa yenyewe. Kuna mikono iliyotia saini. Faini hulipwa kwa fedha za wenye hisa, na aliyeamua anastaafu na kiinua mgongo chake.

Boeing inaumiza zaidi. Ndege zake mbili zilianguka, moja Indonesia mwaka 2018 na nyingine ya Ethiopia iliyokuwa ikielekea Nairobi Machi 2019, wakafa watu 346. Makubaliano ya Januari 2021 yalikuwa ya zaidi ya dola bilioni 2.5, yakiwamo milioni 500 kwa warithi wa waliokufa. Lakini familia hizo hazikushauriwa. Ilibidi ziende mahakamani, na Oktoba 2022 jaji wa Texas akakubali kwamba waliokufa ni wahanga wa kosa la jinai.

Zanzibar tuna Mkurugenzi wetu wa Mashtaka, na tuna ZAECA, mamlaka yetu ya kuzuia rushwa. Ikiwa siku moja sheria ya namna hii itapelekwa Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, tusiridhike na ukubwa wa faini. Tuulize kama jaji atayasoma makubaliano mlango ukiwa wazi, kama waliodhulumiwa wataitwa kabla ya saini, na kama majina ya walioidhinisha malipo yatapelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka siku hiyo hiyo.