Maana ya uigaji wa utengenezaji wa vipande vya ndege vya kompositi

Ni kazi ya kukiivisha kipande cha ndege kwa hesabu, ndani ya kompyuta, kabla hakijaingia tanurini. Kompositi inayohusika hapa ni nyuzi za kaboni zilizoloweshwa resini ya epoksi, gundi inayokuwa ngumu inapoivishwa kwa joto. Takriban nusu ya uzito wa muundo wa Boeing 787 ni kompositi. Matabaka hupangwa juu ya kalibu, hufunikwa mfuko na kunyonywa hewa, kisha huingizwa kwenye otoklevu, yaani tanuri lenye shinikizo, kwa nyuzijoto 180 hivi. Resini ikishakuwa ngumu haiyeyuki tena. Kipande kikitoka kimepinda, ndiyo basi.

Na kupinda hupinda. Resini husinyaa inapoiva, ikasinyaa tena inapopoa, ilhali nyuzi za kaboni karibu hazibadiliki urefu. Matokeo yake unene hupungua zaidi kuliko urefu, na kwenye kona pembe hujifunga: iliyokusudiwa kuwa digrii 90 hutoka 89 na kitu. Tofauti ni ndogo, lakini fundi akilazimisha kipande kikae kwa bolti, anaacha mkazo humo humo kabla ndege haijaruka. Dawa ni kuchonga kalibu yenye pembe iliyozidi kidogo. Izidi kiasi gani? Swali hilo peke yake, kwa maoni yangu, linatosha kulipia programu.

Kompyuta hugawa kipande na kalibu katika elementi ndogondogo, kisha hukokotoa dakika hadi dakika joto lilivyoenea, resini ilivyoiva na mkazo uliojengeka. Resini yenyewe hutoa joto inapoiva, hivyo kiini cha kipande kinene kinaweza kuwa na joto zaidi kuliko tanuri. Mtiririko wa resini kati ya nyuzi hukokotolewa kwa kanuni ya Darcy ya mwaka 1856, iliyotokana na maji kupita mchangani.

Kalibu nayo huhesabiwa. Ya alumini yenye mita 5, ikipashwa kutoka nyuzijoto 20 hadi 180, hurefuka karibu milimita 18. Ya Invar, aloi ya chuma na nikeli, hurefuka kidogo mno, ila ni nzito na ghali.

Picha za rangi kwenye skrini hushawishi upesi. Tabia za resini zikipimwa vibaya maabara, jibu nalo ni baya, hata elementi ziwe milioni. Kwa hiyo kona ndogo za majaribio huivishwa kwanza, pembe zake zikalinganishwa na hesabu, ndipo kalibu kubwa ichongwe.