Cheti cha tovuti ni nini, na kwa nini kompyuta ya zamani hukikataa

Mwaka jana, msimu ule ambao vijana waliomaliza kidato cha sita wanahangaikia maombi ya mkopo wa chuo, binti mmoja kutoka Ujiji aliingia kwenye steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma, ameshika bahasha ya kaki, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Alikuwa ametoka mahali pengine ambako aliambiwa mtandao unasumbua. Nikamkalisha kwenye kompyuta ya mezani iliyokuwa wazi. Alipofungua tu ukurasa wa kuingilia, kioo kikamwandikia kwamba muunganisho wake si wa faragha na kwamba huenda kuna watu wanajaribu kumwibia taarifa zake. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nimetapeliwa?" Hakuwa ametapeliwa, na mtandao ulikuwa mzima. Pembeni chini ya kioo tarehe ilisomeka Januari 2009.

Maneno yale hutisha watu, na wengi huondoka bila kufanya walichokuja kukifanya. Wengine hufanya kibaya zaidi: hubonyeza popote mradi onyo liondoke. Yote mawili hutokana na kutoelewa kitu kimoja kinachoitwa cheti.

Kwanza tuelewe usimbaji fiche. Ni kugeuza maandishi yawe fumbo ambalo asiye na ufunguo hawezi kulisoma. Ukiandika namba yako ya mtihani na neno lako la siri kwenye fomu, maandishi hayo hayarukii moja kwa moja kwa mwenye fomu. Yanapita kwenye ruta ya dukani, kwenye mnara, kwenye nyaya hadi Dar es Salaam, mwendo ambao kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mara nyingine yanavuka bahari kwenda nchi nyingine. Yakienda wazi, yeyote aliyeshika kipande cha njia hiyo anaweza kuyasoma, kama tarishi anavyoweza kusoma kadi ya posta isiyo na bahasha. Anwani inayoanza na https, na ile alama ya kufuli inayoonekana kwenye vivinjari (programu za kufungulia tovuti, kama Chrome na Firefox) vya kompyuta hizi, maana yake ni kwamba mazungumzo yenu yamefumbwa.

Lakini kufumba peke yake hakutoshi. Ukifunga sanduku kwa kufuli imara kisha ufunguo ukamkabidhi tapeli aliyejifanya karani, kufuli limekusaidia nini? Kwa hiyo kabla ya kufumba chochote, kivinjari hudai kwanza kuthibitishiwa kwamba seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti upande wa pili, ndiyo yenyewe. Uthibitisho huo ndio cheti.

Sisi tunakijua kitu cha namna hii. Ukienda kufungua akaunti huna kitambulisho, karani hukutuma ukalete barua ya serikali ya mtaa. Karani hakujui. Anachokijua ni muhuri. Ataangalia jina lililoandikwa kama ni lako, ataangalia muhuri ni wa nani, ataangalia tarehe. Kimoja kikimtia shaka, barua inarudi. Kivinjari nacho hukagua hayo hayo: jina la tovuti, mamlaka iliyotoa cheti, na tarehe mbili, ya cheti kuanza kutumika na ya kuisha.

Sasa rudi kwa kompyuta yangu iliyoamini kwamba tupo Januari 2009. Ilipoletewa cheti kilichoanza kutumika miaka mingi baadaye, iliona barua iliyogongwa muhuri kwa tarehe ambayo haijafika. Karani yeyote makini angeikataa. Kwa hesabu yake kompyuta ilikuwa sahihi kabisa; kilichokuwa kibovu ni saa. Na vyeti vya siku hizi havidumu: Septemba 2020 vivinjari vikubwa viliacha kukubali cheti kipya cha zaidi ya siku 398, na mamlaka ya Let's Encrypt, ambayo hutoa vyeti bila malipo kwa tovuti nyingi mno duniani, imezoea kuvitoa kwa siku 90. Kwa hiyo saa iliyorudi nyuma mwaka mmoja inatosha kukufungia karibu kila mlango.

Saa hurudi nyuma kwa sababu ya betri. Ndani ya kompyuta, kwenye mazabodi (ile bodi kuu), kuna betri ya duara kama sarafu, aghalabu CR2032 ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati kompyuta haina umeme. Kompyuta inayozimwa ukutani kila jioni, au inayokaa mahali umeme unakatika mara kwa mara, huitumia betri hiyo kwa masaa mengi, na ikishafikisha miaka kadhaa hufa. Tangu hapo kila umeme ukirudi, kompyuta huamka ikiwa imeikumbuka tarehe ya kiwandani. Dalili yake huwezi kuikosea: asubuhi tatizo lipo, ukirekebisha tarehe linaisha, kesho asubuhi lipo tena. Ukiona hivyo usihangaike na kivinjari. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, bandua betri, weka mpya upande ulioandikwa ukiangalia juu.

Kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Wanasema, "Si Windows hujirekebisha saa yenyewe kwa intaneti?" Hujirekebisha, ila kwa kompyuta ya kawaida isiyo ya mtandao wa ofisi, Windows imewekewa mpaka: saa ikipishana na ya kweli kwa zaidi ya masaa 15, inakataa kuirekebisha, kwa kuogopa kudanganywa. Kwa hiyo lazima uanze wewe mwenyewe kuweka mwaka, mwezi na siku kwa mkono, ndipo uiruhusu imalizie dakika.

Na ukiweka saa kwa mkono, kumbuka kompyuta haihesabu saa kama sisi. Saa tatu asubuhi yetu, kwake ni 9:00. Nimewahi kukuta mashine iliyowekwa 3:00 na mtu mwenye nia njema, ikawa nyuma masaa sita. Mara nyingi haitaleta shida, lakini tovuti iliyobadilisha cheti chake asubuhi hiyo haitafunguka. Angalia pia majira ya eneo yawe ya Nairobi, saa +3. Kompyuta nyingi za mtumba huja zimewekwa majira ya pwani ya magharibi ya Marekani; ukirekebisha saa tu ukaacha majira, kwa ndani bado imekosea kwa masaa 10 au 11.

Yule binti nilimpa kipanya aweke tarehe mwenyewe. Ukurasa ukafunguka.

Lakini si kila siku dawa ni saa. Kuna siku tarehe iko sawa, tovuti nyingine zinafunguka vizuri, ila moja au mbili zinaleta onyo. Hapo tatizo limehamia kwenye muhuri. Karani ana daftari la mihuri anayoitambua. Mtaa ukipata muhuri mpya, naye hajaletewa nakala, atakukatalia barua halali. Kompyuta nayo ina daftari la mamlaka inazoziamini, na mamlaka hizo zenyewe zina tarehe za kuisha. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja kilichokuwa kikitegemewa na vyeti vya Let's Encrypt, jina lake DST Root CA X3, kilifikia mwisho. Kompyuta na simu zilizokuwa zikipata masasisho hazikugundua chochote, kwa kuwa zilikwisha kuandikiwa mrithi wake, ISRG Root X1. Mashine zilizokaa miaka bila kusasishwa ziliamka siku hiyo zikikataa tovuti ambazo jana yake zilizifungua. Simu za Android zilizo chini ya toleo 7.1.1 nazo hazimo kwenye orodha ya wanaomtambua mrithi huyo.

Njia rahisi ya kulipima hili ni kujaribu Firefox. Vivinjari vingine vya zamani huazima daftari la Windows, na Windows ikiwa imesahaulika, daftari nalo limesahaulika. Firefox hutembea na daftari lake. Ikifungua palipogoma kivinjari kingine kwenye mashine hiyo hiyo, umejua kilichooza ni orodha ya Windows, na dawa ni kusasisha Windows au kubaki na Firefox.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, kwa sababu haina betri ya kubadilisha. Ni lugha. Pale sokoni Mwanga Muha akikutana na Mbembe, kila mmoja ana lugha ya kwao, ila wanafanya biashara kwa sababu wote wana Kiswahili. Kivinjari na seva nao, kabla ya yote, hutafuta lugha ya kufumbia ambayo wote wawili wanaijua. Lugha hizo zina vizazi. SSL zilitoka miaka ya 1990, kisha TLS 1.0 mwaka 1999, 1.1 mwaka 2006, 1.2 mwaka 2008 na 1.3 mwaka 2018. Za zamani hazikuachwa kwa fasheni. Oktoba 2014 watafiti wa Google walionyesha jinsi SSL 3.0 inavyoweza kuchokonolewa hadi siri zitoke. Vivinjari vikubwa viliacha kuzungumza TLS 1.0 na 1.1 kuanzia 2020, na Machi 2021 wanaosimamia viwango vya intaneti walizitangaza rasmi kuwa zimestaafu.

Sasa chukua kompyuta ya Windows XP na kivinjari chake cha Internet Explorer 8. Lugha ya juu kabisa inayoijua ni TLS 1.0. Seva ya leo inasema, "Mimi nazungumza 1.2 na 1.3 tu." Hakuna mkalimani, mazungumzo yanakatika. Kwa kawaida huoni hata onyo la cheti. Unaona ukurasa mtupu, au maneno kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa, na kwa Chrome unaweza kuona ERR_SSL_VERSION_OR_CIPHER_MISMATCH. Ukiona neno VERSION au CIPHER, acha saa, ni lugha. Ukiona DATE, ni tarehe. Ukiona AUTHORITY, ni muhuri. Maneno hayo matatu yamenipunguzia kazi kuliko kitu kingine chochote.

Windows 7 ina nafuu. TLS 1.2 inaijua, ila kwenye Internet Explorer 8 hadi 10 imezimwa. Ingia kwenye mipangilio ya intaneti, kichupo cha mwisho, shuka chini, uweke tiki kwenye TLS 1.2. Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni ya 109, na Firefox ni ya 115, toleo lililopangiwa masasisho ya muda mrefu. Kwa XP ya mwisho ni Firefox 52. Hiyo inafahamu TLS 1.2 bila kuitegemea Windows, kwa hiyo itafungua kurasa nyingi, lakini haijazibwa matundu yake tangu 2018, na XP yenyewe Microsoft iliiacha Aprili 2014. Kusomea habari, sawa. Kumwekea mtoto wa mwenzako neno la siri la fomu ya mkopo humo, mimi sikubali.

Kuna pia antivairasi za zamani zinazojiingiza katikati, zikafumbua mazungumzo ili kuyakagua, kisha zikakuletea cheti chao badala ya cha tovuti. Bofya kwenye kufuli, soma aliyetoa cheti. Ukikuta jina la antivairasi yako, izime kidogo ujaribu tena.

Kile kitufe cha kuendelea hivyo hivyo, kilichofichwa chini ya onyo, nawasihi wenye steshenari wenzangu wasikibonyeze mbele ya mteja. Kompyuta haiwezi kutofautisha kati ya saa mbovu na mwizi wa kweli. Vyote viwili huonekana sawa kwake. Tukishamzoesha mteja kwamba onyo lile ni la kupitwa tu, siku atakapokutana na tovuti ya kuigiza atapita pia, na fedha za ada ndizo zitakazoondoka.

Mashine yenye kumbukumbu ya GB 2 au zaidi na inayoendesha programu za biti 64, mimi huiwekea Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa flashi ya GB 8, na inazungumza TLS 1.3 kama mpya. Mbili kati ya nne zangu ziko hivyo sasa, na wateja hawajauliza kitu zaidi ya mahali pa kubofya. Ile iliyobaki na XP nimeichomoa waya wa mtandao. Inaskani, inaprinti, inatengeneza kadi za mialiko ya harusi, na kila faili linaifikia kwa flashi.