Michango iliyojenga dola ya Athens

Katika makumbusho ya maandishi ya kale jijini Athens kuna jiwe la marumaru lenye urefu wa zaidi ya mita 3, limechongwa majina ya miji na tarakimu. Ni daftari la hesabu. Kila tarakimu ni sehemu moja ya 60 ya mchango wa mji kwa mwaka, iliyotengwa kwa mungu wa kike Athena. Ukizidisha mara 60, unaupata mzigo wenyewe.

Umoja wa miji iliyotoa michango hiyo haukuanza kama dola. Mwaka 478 KK, Waajemi wakiwa wamesharudishwa nyuma, miji ya Bahari ya Aegean iliungana chini ya Athens ili vita viendelee. Hazina ikawekwa kisiwani Delos, na Aristides, kiongozi wa Athens, akakadiria kila mji utoe nini, manowari au fedha. Mwanahistoria wa Athens wa enzi hizo, Thucydides, anaandika kuwa makadirio ya kwanza yalikuwa talanta 460. (Ndiyo talanta ya kwenye Injili: kipimo cha uzito, hapa cha madini ya fedha, kwa Athens takriban kilo 26.)

Manowari moja ilibeba watu 200, wengi wao wapiga makasia. Kila mmoja akilipwa drakma 1 (sarafu ya fedha) kwa siku, mwezi unameza drakma 6,000, yaani talanta 1 kamili. Miji mingi ikaona heri kulipa kuliko vijana wake kukaa baharini msimu mzima. Hapo ndipo ilipojifunga kamba yenyewe. Athens ilizipokea fedha, ikaunda manowari na kuwalipa raia wake maskini wapige makasia. Waliolipa wakabaki hawana meli wala mazoezi. Hata kisiwa cha Thasos, kilichokuwa mwanachama na bado kina manowari zake, kilipoasi mwaka 465 KK kwa ugomvi wa masoko na machimbo ya bara, kilizingirwa hadi mwaka wa tatu. Kiliposalimu amri kilibomolewa kuta, kikapokonywa manowari na machimbo hayo.

Mwaka 454 KK hazina ikahamia Athens, na mawe yakaanza kuchongwa. Vita na Sparta vilipoanza mwaka 431 KK, washirika walikuwa wakiingiza talanta 600 hivi kwa mwaka. Mwaka 425 KK makadirio yakapandishwa kupita talanta 1,460. Kukadiria si kukusanya, lakini. Mwaka 413 KK Athens iliuacha mchango, ikaweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zipitazo baharini, ikitumaini kupata zaidi.