Mbegu ya ua la Usambara usiifukie

"Dada, mbegu zako mbovu, hata moja haijaota." Nikiisikia tena kitaluni hapa Arusha nitabandika jibu getini. Swali langu ni lile lile: ulizifukia? "Ndiyo, vidole viwili." Basi umezizika.

Mazoea hayo yametoka shambani, na huko ni sahihi: punje ya hindi ina akiba ya chakula ya kusukuma chipukizi hadi juu. Mbegu ya Saintpaulia, yaani hilo ua la Usambara, ni laini kama ugoro. Haina akiba ya maana, na inahitaji mwanga ili iote. Jaza chungu kidogo unga wa makumbi ya nazi uliochekechwa, changanya na mchanga kidogo, loweka. Mimina mbegu kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa, igongegonge kwa kidole zidondoke juu juu. Ishia hapo! Usitie udongo, usibonyeze, usimwagilie kwa kopo. Zitasombwa zote pembeni. Weka chungu kwenye sahani ya maji kinywe kutoka chini, kisha kifunike kwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa nusu. Pawe na mwanga, si jua kali, na joto la nyuzi 20 hadi 24. Juni na Julai usiku wa Arusha haufiki huko, kwa hiyo mimi huzihamishia jikoni. Subiri wiki mbili hadi nne. Kuna wanaofukua siku ya tano "kuangalia tu".

Eti ni ua la Wazungu. Kwao ni Usambara. Ukipanda basi la Moshi kwenda Tanga, milima hiyo unaipita kushoto kwako. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, ndiye aliyelipeleka Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia.

Eti mbegu za ua la pinki zitatoa pinki. Mengi yanayouzwa ni machotara, rangi itakayotoka hata mimi siijui. Ukitaka lile lile, chomeka jani.

Eti linapenda jua. La mchana, hasa Moshi, linababua majani. Dirisha la mashariki linatosha.

Na samadi ya kuku, jamani, iacheni kwenye migomba. Miche hii inaungua. Kutoka mbegu hadi ua ni miezi sita hadi mwaka, pengine zaidi, na samadi haifupishi chochote. Mwenye haraka aje anunue lililokwisha kuchanua, ninayo.