Leseni ya udereva kwa mgeni mkazi: yanayosemwa Arusha na yalivyo

Huu ni mwaka wa 9 nashughulikia makaratasi ya wafanyakazi wa kigeni hapa Arusha. Wengi wao ni walimu, madaktari na watafiti, na wapo waliokuja kwa sababu mume au mke kapata ajira. Makaratasi yenyewe ni kibali cha kazi kwa walioajiriwa, kibali cha ukaazi, TIN (namba ya mlipakodi) na leseni. Katika hayo yote, leseni ndiyo yenye maneno mengi ya mtaani, na nimeona watu wazima wenye shahada tatu wakipoteza wiki nzima kwa kuamini neno walilosikia kwenye kahawa.

Nianze na linalorudi kila mwezi: "Mimi nina leseni ya kimataifa, sihitaji ya hapa." Jina lenyewe ndilo linalopotosha. Kile kijitabu ni tafsiri ya leseni ya nyumbani kwenu, na bila leseni hiyo pembeni yake hakina nguvu. Kinatolewa kule ilikotoka leseni yako. Chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka 1. Chini ya ule wa Vienna wa 1968 hakizidi miaka 3. Ni kitu cha msafiri. Mtu mwenye nyumba ya kupanga Njiro, watoto shuleni na mkataba wa kazi mkononi ni mkazi, na mkazi anatakiwa kuwa na leseni ya Tanzania.

Ndugu yake wa karibu ni huyu: "Leseni yetu haina tarehe ya mwisho." Kwa Wajerumani wenye umri hii ilikuwa kweli, zile leseni zao za zamani za karatasi hazikuandikwa mwisho, ingawa hata huko Umoja wa Ulaya umetaka zote ziwe zimebadilishwa ifikapo Januari 2033. Lakini hilo ni la kwao. Hapa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ndio wanaotoa leseni, Polisi Usalama Barabarani ndio wanaothibitisha kwamba unajua kuendesha, na ile ya nje unaipeleka kwao ikiwa hai, na tafsiri yake kama haikuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Wakiona haja ya kukutahini, watakutahini. Majirani zetu wa Kenya nao husema, "Sisi ni Afrika Mashariki moja, nitahuisha hapa hapa." Makao makuu ya Jumuiya yapo mjini kwetu, ni kweli, lakini TRA hawahuishi leseni ambayo hawakuitoa. Ya Kenya inahuishwa Kenya.

Sasa kuhuisha kwenyewe, yaani pale leseni ya Tanzania inapofika mwisho. Watu husema ni kulipa tu. Tangu Julai 2019 leseni ni ya miaka 5 kwa shilingi 70,000. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 3 kwa 40,000. Ni kweli pesa hailazi mtu nje. Kinachokwamisha ni jambo ambalo halisemwi na mtu, na nitalieleza kwa tukio moja.

Mwaka juzi nilimsindikiza mwalimu mmoja wa kike, mgeni wa muda mrefu, Kiswahili chake safi. Alikuwa na folda ya bluu, kila karatasi kwenye mfuko wake wa plastiki. Tukakaa kwenye benchi mpaka zamu yetu. Kijana wa dirishani akaandika namba, akatazama skrini, akatazama pasipoti, akarudi kwenye skrini. "Shikamoo mama. Pasipoti hii ni mpya?" Ilikuwa mpya. Ya zamani ilijaa mihuri, akapewa nyingine na ubalozi wake, na kwenye TIN yake bado ilisomeka namba ya ile ya zamani. Zaidi ya hapo, pasipoti mpya ilikuwa na jina la ndoa, leseni ikawa na jina la ubini. Kwa mashine, hao walikuwa watu wawili. Hakuna aliyekosea pale dirishani. Tulirudi nyumbani, tukatafuta cheti cha ndoa na pasipoti ya zamani, tukarekebisha TIN kwanza, ndipo leseni ikasogea.

Ndiyo maana nawasihi wageni wote ninaowahudumia: pasipoti ikibadilika, taarifa za TIN zibadilishwe wiki hiyo hiyo. Na pasipoti ya zamani usiitupe kabatini ukaisahau. Ndiyo daraja kati ya jina lako la jana na la leo. Kama unastahili kitambulisho cha NIDA (Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa), kile cha mgeni mkazi, kifuatilie pia. Wengi hudhani NIDA ni ya raia peke yao, kumbe inatoa vya raia, wageni wakazi na wakimbizi.

Picha usihangaike kupiga studio. Picha na alama za vidole huchukuliwa ofisini, na wewe mwenyewe lazima uwepo. Hapo ndipo uongo wa vishoka, wale matapeli wa mtaani, unapoonekana. Nje ya ofisi nyingi hukosi kijana mwenye simu mbili anayekwambia, "Mzungu, nipe laki 2, usishuke kwenye gari." Kidole chako atakipata wapi? Kadi anayokuletea haipo kwenye mfumo. Steshenari za jirani ni jambo jingine, wao hukusaidia kujaza fomu na kuchapa, na ni msaada halali. Ila malipo ya serikali yafanyike kwa kumbukumbu namba ya malipo, hayapiti kwenye mfuko wa mtu.

Uchungu wangu kwa hili unatokana na bima. Watu hukata bima kubwa, wakaridhika, wasisome kwamba inataka dereva mwenye leseni halali. Barabara ya Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, na kuanzia Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti mpaka Boma Ng'ombe ni vijiji, pikipiki na watoto wa shule wakivuka. Ajali ikitokea pale, kadi ya kishoka inaweza kumwacha aliyegongwa akihangaikia matibabu, na wewe ukilipa mwenyewe.

Kuhusu kibali cha ukaazi: leseni haikupi haki ya kuishi, na kibali hakikupi haki ya kuendesha. Kila kimoja kina tarehe yake. Vibali vingi ni vya miaka 2, kwa hiyo katika uhai wa leseni moja utapita Uhamiaji zaidi ya mara moja. Mimi huanza na kibali siku zote, maana ndicho kinachoulizwa kwanza.

Faini usiziache zikalala. Kosa la kawaida barabarani ni shilingi 30,000, na deni lako linaonekana kwenye mfumo wa polisi ukiandika namba ya gari au ya leseni. Angalia kabla hujapanga foleni.

Mwisho kuna daraja la leseni, na hapa wanaojitolea ndio huponzwa na wema wao. Mtu ana daraja D, la gari binafsi, anaendesha Land Cruiser ya kwake vizuri kabisa, halafu rafiki mwenye kampuni ya utalii anamwomba awapeleke wageni Tarangire mara moja tu. Kubeba abiria wa kulipa ni daraja C, na C lina mafunzo yake chuoni, kama pale NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Juu ya hilo, LATRA, wanaodhibiti usafiri wa ardhini, wana utaratibu wao wa kuthibitisha madereva wa magari ya biashara, na kibali chako cha kazi kimetaja kazi uliyoombewa. Mwambie rafiki yako hapana, na umpe namba ya dereva wa Arusha anayeishi kwa kazi hiyo.