Bawa la X: maana yake katika sudoku ngumu

Mtu akishaizoea sudoku nyepesi, lile fumbo la kujaza tarakimu vyumbani, hufika siku akafungua ile ngumu. Akajaza vyumba kumi, kumi na tano, halafu kimya. Kila chumba kilichobaki kina tarakimu mbili tatu zinazokigombea na hakuna hata kimoja kinachojitaja. Hapo ndipo wengi wanapobahatisha. Nilikuwa kwenye boti ya Pemba, na kijana aliyekaa ubavuni pangu alikuwa amekwama hivyo hivyo, gazeti juu ya mapaja. Akaniuliza, "Mjomba, hapa si lazima mtu akisie tu?" Nikamwambia hapana. Fumbo lililotungwa sawasawa lina jibu moja tu, na jibu hilo linafikika kwa hoja. Hoja iliyomkosa inaitwa bawa la X. Kwa Kiingereza huitwa eksi-wingi, lakini neno "wingi" kwetu lina maana yake na linapoteza watu, kwa hiyo mimi nasema bawa.

Kwanza tukubaliane maneno. Mstari ni ule wa kulala, safu ni ile ya kusimama. Vyumba ni 81, na kila mstari, kila safu na kila boksi la vyumba tisa hupata tarakimu 1 hadi 9, kila moja mara moja tu. Wagombea ni zile tarakimu ndogo unazoandika kwa kalamu ya risasi ndani ya chumba kitupu, yaani zote ambazo bado zinaweza kukaa humo. Asiyeandika wagombea hataliona bawa la X, hata awe na macho makali vipi.

Sasa maana yake. Chukua wazee wawili na baraza lenye pembe mbili za kuegemea. Kila mzee, kwa mazoea yake, hakai popote ila pembeni, na pembe moja haibebi wawili. Wewe bado uko njiani, hujaliona baraza. Hujui leo nani kakaa pembe ya kulia na nani ya kushoto. Lakini jambo moja unalijua kwa yakini kabla hujafika: pembe zote mbili zimeshachukuliwa, na mgeni yeyote akae kati. Umejua pa kutokaa bila ya kujua nani kakaa wapi.

Katika fumbo, wazee ni mistari miwili na pembe ni safu mbili. Tuseme tunatafuta 7. Katika mstari wa 2, 7 inaweza kuingia safu ya 3 au ya 8 tu, kwengine kote imeshazuiliwa. Ukishuka mstari wa 6 unakuta hali ile ile: safu ya 3 au ya 8, basi. Kama mstari wa 2 utaiweka 7 yake safu ya 3, mstari wa 6 hauna budi kuiweka ya 8. Kama wa 2 utachukua ya 8, wa 6 utabaki na ya 3. Njia ni hizo mbili tu, hakuna ya tatu. Na kwa njia yoyote katika hizo, safu ya 3 imepata 7 yake na safu ya 8 imepata yake. Basi 7 nyengine yoyote iliyoandikwa kama mgombea katika safu hizo mbili, nje ya mstari wa 2 na wa 6, ifute.

Pale kwenye boti, chumba cha mstari wa 9, safu ya 8, kilikuwa na wagombea wawili, 4 na 7. Tulipofuta 7 ikabaki 4 peke yake. Ile 4 ikafungua boksi la chini kulia, na fumbo likaanza kutembea. Vile vyumba vinne, pale mistari ya 2 na 6 inapokutana na safu za 3 na 8, bado hatukuvijua. Hilo ndilo lililomshangaza kijana, na kwangu mimi ndio uzuri wote wa mbinu hii. Jina nalo linatoka hapo: viunganishe vyumba vinne kwa kukingamisha, utaiona X.

Neno sudoku lenyewe linasaidia kuelewa kwa nini hoja inasimama. Mchezo ulitungwa na Mmarekani Howard Garns, ukachapishwa mwaka 1979 kwa jina jengine. Wajapani waliuchukua mwaka 1984, na Maki Kaji wa kampuni ya Nikoli akaupa jina lililofupishwa kutoka sentensi yenye maana ya kwamba tarakimu sharti ziwe kapera. Kila 7 ni kapera katika mstari wake na safu yake. Ukapera huo ndio unaozilazimisha zile pembe mbili.

Makosa ni mawili, na yote nayaona kila mara. La kwanza ni kuona vile vyumba vinne na kufurahi, kumbe mstari mmoja una nafasi ya tatu ya 7. Mzee mwenye pa kukaa patatu hafungi kitu. Hesabu nafasi za mstari mzima, si vile vyumba vinne tu. La pili ni kufuta upande usio wake. Ukianza na mistari, unafuta kwenye safu. Ukianza na safu, unafuta kwenye mistari.

Watu hudhani ugumu unatokana na uchache wa tarakimu zilizojazwa tangu mwanzo. Sivyo. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin, Ayalandi, walithibitisha kwa kompyuta kwamba hakuna fumbo la tarakimu 16 lenye jibu moja, 17 ndio mwisho. Lakini fumbo la 17 laweza kuwa jepesi, na la 25 likakutoa jasho. Kinachopima ugumu ni hoja unayohitaji ili upite.

Mistari ikiwa mitatu na safu tatu, hoja ni ile ile, na wachezaji wameipa jina la samaki: nduaro. Ya mistari minne ni konyeza. Nduaro ni mgumu kumuona kwa sababu si lazima kila mstari uwe na nafasi tatu, mbili zinatosha. Bawa ndio mlango wa kumfikia.

Kabla hatujafunga gati bandari ya Mkoani, kijana alikuwa kwenye fumbo la pili. Akaweka kidole safu ya 1, kisha safu ya 6. Katika zote mbili 3 ilikuwa na nafasi mbili tu, mstari wa 4 na wa 9. "Hili limesimama, Mjomba," akasema, na akaanza kufuta 3 kwenye mistari.