Je, wajua kwa nini mkopo wa halmashauri huuombi peke yako?

Fika soko la Mbuyuni, Moshi, asubuhi watu wakiwa bado wanapanga nyanya mafungu mafungu. Atapita mkusanya ushuru na mashine ya POS mkononi, abonyeze, risiti itoke. Mama atalipa, ataifunga ile risiti kwenye pindo la kanga pamoja na chenji, na habari imeishia hapo. Kumbe sehemu ya hela hiyo inatakiwa kurudi sokoni kwa njia ya mkopo.

Ushuru wa soko ni mapato ya ndani ya halmashauri, tofauti na kodi inayokwenda TRA. Mwaka 2018 Bunge liliongeza kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato hayo, ukiondoa yale yaliyofungwa kwa kazi maalumu, iwakopeshe wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Bila riba. Kabla ya hapo kutenga kulikuwepo, ila kama agizo tu, na agizo bwana, mwaka ukiwa mgumu linawekwa kando.

Sasa mama wa nyanya akienda ofisi ya kata kuulizia, swali la kwanza atakaloulizwa ni: "Kikundi chenu kinaitwaje?" Yeye amekuja peke yake. Kwa nini asipewe yeye kama yeye?

Sababu kubwa ni dhamana. Benki itamuuliza hati ya kiwanja au kadi ya gari, naye ana meza ya mbao na mizani. Kwa hiyo mahali pa hati huwekwa watu. Wanawake au vijana wasiopungua watano wanaingia mkataba mmoja, na deni linakuwa la wote. Mwenzako akiyumba, mnamfidia. Hao watano wanajua mambo ambayo ofisi haiwezi kuyajua: nani ana mgonjwa nyumbani, nani anakopa huku ili akalipe kule. Halafu kuna hesabu ya kawaida tu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ni mmoja. Kuwafuata wakopaji mia moja meza kwa meza hawezi; viongozi wa vikundi ishirini anawaweza. Wenye ulemavu wamelegezewa, maana mmoja wao anaweza kukopa peke yake.

Tatizo ni kwamba dhamana hiyo ya watu lazima iandikwe. Kunatakiwa katiba, muhtasari wa kikao wenye sahihi za wanachama, cheti cha usajili, akaunti ya benki ya kikundi, namba za NIDA na andiko la mradi, kisha maombi yapite kwenye mfumo wa kielektroniki. Biashara ikiwa nzuri, karatasi bado zinaweza kukwama kwa neno moja. Cheti kinasema "Tumaini", akaunti inasema "Tumaini Group". Kwa mama ni kitu kilekile, kwa mhasibu ni vikundi viwili. Au kwenye muhtasari mtu ameandikwa Mama Neema, jina ambalo soko zima linamjua nalo, wakati NIDA haimtambui Mama Neema yeyote. Kwa maoni yangu hapa ndipo mikopo hii inapopotezea watu wake, kuliko hata kwenye uchache wa fedha. Afisa mmoja akikaa nusu siku pale Mbuyuni kusahihisha majina, atakuwa amesaidia kuliko semina mbili za ukumbini zenye soda na maandazi.

Masharti yenyewe hayakukazwa bure. Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, yaani majina matupu yasiyo na watu wala mradi. Ilirudi Julai 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10 zikachaguliwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Mojawapo ni Siha, hapa hapa Kilimanjaro.

Lakini kikundi hai nacho huweza kufa vizuri tu. Wengi hukutana kwa sababu ya mkopo: watano wanaokotana wiki moja, wanachagua mwenyekiti, fedha inaingia, wanagawana, na kikao cha pili hakiitishwi. Waliokuwa wakicheza upatu au kuweka hisa kwenye kikoba kabla ya mkopo ni habari nyingine. Hao wana daftari, wana faini ya kuchelewa, na wameshawahi kugombana kwa sababu ya hela na bado wakaketi pamoja. Kama unatafuta wa kuandikisha nao kikundi, waangalie wale unaolala ukiwa umewaachia zamu yako ya upatu.

Kingine kisichosemwa sana: marejesho hurudi kwenye akaunti ile ile ya mikopo, yakopeshwe tena. Kwa hiyo afisa akija sokoni kuulizia rejesho lililopitiliza, anayesogea karibu kusikiliza huenda ni mama wa meza ya pili. Kikundi chake kiliomba pia, na bado kinangoja.